Kupima umeme kwenye utando wa muhogo: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Wanafunzi wanaoniletea hapa Kisumu miradi yao ya kupima umeme kwenye utando, ile karatasi nyembamba inayotengenezwa kwa wanga wa muhogo, huniuliza maswali matatu, na yamejirudia hata nayajua kabla hawajaketi. La kwanza: "Mwalimu, mbona namba kwenye mita inapanda tu, haitulii?" La pili: "Asubuhi nilipata kiloomu 40, saa nane mchana nikapata 300. Utando umeharibika?" (Kiloomu ni omu elfu moja, na omu hupima ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme.) La tatu huulizwa na wale waliokwisha kusomasoma: "Dendrima nitaipata wapi?"

Maswali mawili ya kwanza yana jibu moja: hukuupima utando. Uliipima hewa ya ziwa, kisha ukaipima betri ya mita yako ikizisukuma ioni, zile chembe za chumvi zenye chaji, hadi zikarundikana ukingoni. Unyevu ukidhibitiwa, na mkondo geu (unaogeuza mwelekeo mara kwa mara) ukitumika badala ya mkondo mnyoofu (unaokwenda upande mmoja tu), namba hutulia. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa ipo kwa sababu ya mambo hayo mawili. Ukibanwa na muda, ruka kingine chochote lakini hayo usiyaruke.

Swali la tatu lina jibu refu kidogo. Dendrima ni molekuli inayojengwa kutoka kiini kimoja, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linagawanya matawi ya lile lililotangulia. Mwaka 1985 Donald Tomalia na wenzake, wakiwa kampuni ya kemikali ya Dow huko Marekani, walichapisha kazi yao juu ya jamii ya dendrima inayoitwa PAMAM. Tabaka zake huhesabiwa kwa vizazi. Ile ya kizazi cha 4 ina ncha 64 kwa nje na upana wa takriban nanomita 4.5. Ni kazi ya ajabu, ila huuzwa kwa vichupa vidogo kwa bei ambayo mradi wa mwanafunzi hauwezi kuibeba. Mimi huwaambia waende soko la Kibuye wakanunue muhogo. Takriban asilimia 80 ya wanga wa muhogo ni amilopektini, molekuli kubwa yenye matawi mengi. Matawi yake hayakupangwa kwa unadhifu wa dendrima, lakini somo la umeme utakalolipata linafanana, na gharama yake ni nauli na shilingi chache.

Nadharia unayohitaji kabla ya kuanza ni hii tu. Katika utando wa aina hii elektroni hazitembei kama kwenye waya wa shaba. Kinachotembea ni ioni. Matawi huzuia molekuli kujipanga safu safu kama matofali, hivyo vipande vyake hubaki vikichezacheza, na ioni hupenya kutoka kituo kimoja hadi kingine. Maji na gliserini hulegeza vipande hivyo zaidi. Ndiyo maana utando mkavu hupitisha umeme kidogo mno, na utando uleule ukiloa kidogo huupitisha mara nyingi zaidi.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Usianze kupika wanga ndipo ukumbuke huna gliserini. Kusanya kwanza:

- Kilo moja ya muhogo mtamu, uliochimbwa karibuni, au wanga wa muhogo uliokaushwa tayari. Kilo moja ya muhogo inatosha majaribio mengi.
- Gliserini kutoka duka la dawa, na sirinji ya mililita 5 ya kuipimia.
- Chumvi safi ya maabara, sodiamu kloridi au potasiamu kloridi. Ya jikoni ina aidini na unga wa kuzuia kugandamana. Itumie kwenye chupa ya unyevu tu, si ndani ya utando.
- Maji yaliyotoneshwa, lita 2. Kwenye vituo vya mafuta huitwa maji ya betri. Soma karatasi ya chupa kabla ya kulipa, kwa sababu asidi ya betri hukaa kwenye rafu ileile na chupa zake hufanana. Asidi hiyo itakuunguza.
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01.
- Kipimajoto, sufuria mbili ambazo moja inaingia ndani ya nyingine, na birika la kioo la maabara.
- Sahani za plastiki zenye kitako bapa na upana wa sentimita 9. Kioo hapana, nitaeleza.
- Pimamaji ya fundi wa ujenzi.
- Geji ya skrubu ya kupimia unene.
- Diski mbili za chuma kisichoshika kutu, stenlesi kama mafundi wanavyokiita, zenye kipenyo cha milimita 11.3. Kipenyo hicho si cha kubahatisha: kinakupa eneo la sentimita 1 ya mraba, na hesabu inakuwa nyepesi. Fundi wa jua kali atakukatia ukimchorea. Mwambie azisugue kwa msasa laini hadi uso uwe bapa kabisa.
- Jenereta ya mawimbi (kifaa kidogo cha maabara kinachotoa mkondo geu), osiloskopu yenye njia mbili (kifaa kinachochora volti kwenye kioo), na resista za kiloomu 1, 10 na 100 na za megaomu 1. Kama chuo chako kina mita ya LCR ya mkononi, inayopima ukinzani kwa mkondo geu yenyewe, hiyo inatosha badala ya jenereta na osiloskopu.
- Chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana, pamoja na kipimaunyevu kidogo cha kuweka ndani yake.

Mita ya kawaida ya fundi wa umeme, ile ya manjano, haitapima utando huu. Njoo nayo hata hivyo. Tutaitumia mara moja kuonyesha kosa.

Na jambo la usalama nalisema mapema: hakuna hatua yoyote hapa inayohitaji umeme wa ukutani kuugusa utando. Volti 240 haina kazi kwenye jaribio hili. Niliwahi kumkuta kijana akitaka "kuongeza nguvu" kwa kuunganisha diski na soketi kupitia balbu. Nilichomoa waya nikakaa naye nusu saa nzima, maana angekufa kwa mradi wa shule.

Hatua za kazi

1. Toa wanga.

Menya muhogo, uoshe, kisha ukwaruze uwe laini. Fanya kazi hii nje au penye dirisha wazi. Muhogo mbichi ukikwaruzwa hutoa sianidi, na hata ule mtamu una kiasi kidogo. Kamua machicha kwenye kitambaa safi ukiongeza maji, acha maji meupe yatulie kwa saa tatu au nne, kisha mwaga maji ya juu. Usiyamwage mahali mbuzi au kuku watayanywa.

Rudia kuosha wanga mara tatu kwa maji ya kawaida na mara mbili kwa maji yaliyotoneshwa. Hizo mbili za mwisho watu huziruka. Maji ya bomba yana madini, na madini ni ioni. Ukiyaacha ndani, utando wako "usio na chumvi" utakuwa na chumvi ambayo hukuipima. Kausha wanga kivulini hadi uwe unga usioshikamana.

2. Pima mchanganyiko wa kwanza.

Gramu 5 za wanga, mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, gramu 1.5 za gliserini. Gliserini ni nzito kuliko maji, kwa hiyo gramu 1.5 ni kama mililita 1.2 kwenye sirinji. Bila gliserini utando unakuwa kama kaki: unapasuka ukiugusa. Ukiizidisha, unakuwa kama gamu iliyotafunwa na unanata kwenye diski.

Tengeneza michanganyiko mitatu iliyo sawa kwa kila kitu isipokuwa chumvi: wa kwanza bila chumvi, wa pili na gramu 0.25, wa tatu na gramu 0.5. Yeyusha chumvi kwenye maji kabla ya kutia wanga. Ukiitia mwishoni haisambai sawasawa.

3. Pika.

Weka birika lenye mchanganyiko ndani ya sufuria ya maji, na sufuria hiyo juu ya jiko. Koroga bila kuacha. Wanga wa muhogo huanza kuvimba na kupasuka kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Utaona maziwa yanageuka kuwa uji unaong'aa. Usiishie hapo. Fikisha nyuzi 90 na ushikilie kwa dakika 15, ukikoroga polepole.

Wengine hunipigia simu wakisema maji yao hayafiki nyuzi 100 hata moto ukiwa mkali. Hayatafika. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, huchemka karibu nyuzi 94. Kipimajoto chako hakina kasoro. Nyuzi 90 zinapatikana kote kuwili.

Pima uzito wa birika pamoja na uji kabla ya kupika na baada ya kupika. Uzito uliopungua ni maji yaliyopaa. Yarudishe kwa maji moto yaliyotoneshwa. Usipofanya hivyo kila chungu kitakuwa na uzito wake, na tando zako hazitalingana unene.

4. Mimina.

Weka sahani kwenye meza na uisawazishe kwa pimamaji, kwanza upande mmoja kisha upande wa pili. Meza nyingi zimeinama kuliko jicho linavyoona. Acha uji utulie dakika tano ungali moto ili mapovu yapande, uyatoboe kwa ncha ya sindano, kisha vuta mililita 12 kwa sirinji, kwa awamu, na umimine katikati ya sahani. Hesabu yake ni hii: mililita 12 zina kama gramu 0.78 za vitu visivyopaa, na zikitandazwa kwenye sahani ya sentimita 9 zinaacha utando wa karibu mikromita 90, yaani pungufu kidogo ya sehemu ya kumi ya milimita. Ukitaka mwembamba zaidi punguza ujazo, usiongeze maji kwa kukisia.

Kwa nini plastiki? Wanga hukamata kioo vibaya sana. Nimeona tando nzuri zikichanwachanwa kwa wembe kwa sababu mtu alipenda sahani ya kioo. Kwenye plastiki utando hubanduka wenyewe pembezoni ukishakauka.

5. Kausha polepole.

Kivulini, ukifunika kwa kitambaa chepesi kuzuia vumbi na nzi, siku moja hadi mbili. Oveni ya maabara ikiwepo, nyuzi 40 zinatosha. Juani usiweke: uso wa juu hukauka kabla ya chini, utando unajikunja kama jani la mgomba, na ukishajikunja hauwezi kukaa sawa kati ya diski. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei, hapa kwetu kando ya ziwa, utasubiri siku ya tatu. Subiri.

6. Bandua na upime unene.

Kata vipande vya duara vyenye upana wa milimita 18 hivi, vikubwa kuliko diski, ili diski ya juu na ya chini zisigusane kamwe kwenye ukingo. Inua kila kipande kwenye mwanga. Chenye povu, tundu au uzi wa kitambaa kitupe. Pima unene mara tano: katikati na pembe nne. Zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu ya kumi, sahani yako haikuwa sawa, rudi hatua ya 4. Geji ya skrubu ikazwe kwa kile kitasa chake kinacholialia, si kwa nguvu za mkono, maana utando huu unabonyea.

Shika vipande kwa kibano. Jasho la vidole ni maji ya chumvi.

7. Weka kwenye unyevu unaoujua.

Hapa ndipo miradi mingi hufa, na hapa ndipo nakuomba uwe na subira kuliko mahali pengine popote.

Chukua chumvi ya jikoni, itie kwenye kikombe kidogo chenye maji kidogo, koroga, ongeza tena, hadi chumvi isiyoyeyuka ibaki chini kama mchanga. Weka kikombe hicho ndani ya chupa ya mdomo mpana na ufunge. Hewa iliyo juu ya maji yaliyoshiba chumvi hiyo hujiweka yenyewe kwenye unyevu wa asilimia 75, na joto likipanda au kushuka kidogo unyevu huo haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Ni jambo la kushangaza ukiliona mara ya kwanza: kikombe cha chumvi ya shilingi chache kinafanya kazi ya mashine. Ukitaka unyevu mwingine, potasiamu kaboneti iliyoshiba hutoa takriban asilimia 43 kwenye nyuzi 25, na magnesiamu kloridi takriban asilimia 33. Weka kipimaunyevu ndani ya chupa uhakikishe.

Vipande viwe kwenye wavu au kibanda cha plastiki juu ya kikombe, visiguse maji. Vikae saa 24 kabla ya kupima, na waya zipite kwenye kifuniko zikiwa zimezibwa kwa silikoni ili upime utando ukiwa humohumo ndani. Ukiutoa nje "dakika moja tu", umeshaanza kupima hewa ya chumbani.

Kama bado huamini, nikusimulie. Niliwahi kubeba tando tatu kwa matatu kutoka Kisumu kupitia Kericho hadi Nakuru, zikiwa kwenye bahasha ya karatasi, nimwonyeshe mwenzangu anayefundisha huko. Ilikuwa Februari, kiangazi. Tulipozipima, ukinzani ulikuwa umepanda zaidi ya mara kumi, na mwenzangu akanitazama kwa huruma. Tulizifungia kwenye chupa yenye chumvi usiku kucha, na kesho yake saa tatu asubuhi zikarudi karibu na namba zangu za Kisumu. Tangu siku hiyo sipokei namba ya mwanafunzi yeyote isiyoandikwa unyevu pembeni.

8. Unganisha sakiti.

Utando ukae kati ya diski mbili, na juu yake uzito usiobadilika; mimi hutumia kopo la gramu 500. Uzito uwe uleule kwa kila kipimo, kwa sababu diski ikikandamizwa zaidi hugusa utando vizuri zaidi na namba hushuka.

Waya wa moto wa jenereta uende diski ya juu. Diski ya chini iende kwenye resista unayoijua. Upande wa pili wa resista urudi kwenye ardhi ya jenereta. Njia ya kwanza ya osiloskopu isome volti ya jenereta nzima, V1. Njia ya pili isome volti kwenye resista, V2. Klipu za ardhi za osiloskopu zote mbili zikae upande wa ardhi ya jenereta. Ukiziweka kwingine utaifanyia sakiti njia ya mkato kupitia ardhi bila kujua, na utatumia alasiri nzima ukitafuta kosa.

Weka jenereta kwenye wimbi laini, lisilo na volti ya kudumu chini yake, kilele chini ya volti 1. Maji huanza kupasuliwa na umeme karibu volti 1.23, na utando wako una maji ndani.

9. Jaribu sakiti kabla ya kuijaribu sayansi.

Ondoa utando, weka mahali pake resista ya kiloomu 10, kisha ya 100, kisha ya megaomu 1. Sakiti ikikupa namba hizo ndani ya asilimia chache, endelea. Isipokupa, hakuna utando utakaokupa jibu la kweli. Kisha weka kipande cha nailoni kati ya diski: V2 iwe karibu na sifuri.

Wakati huohuo fanya lile onyesho la mita ya manjano. Weka utando wenye chumvi, pima ukinzani kwa mita hiyo, na utazame namba ikipanda, sekunde 10, sekunde 30, dakika. Geuza waya: namba inaanguka au inakuwa hasi, kisha inapanda tena. Hizo ni ioni zikirundikana kwenye diski na kuzuia njia. Mkondo geu hugeuka kabla hazijarundikana, na ndiyo sababu tunautumia.

10. Pima.

Anza kwa masafa ya kilohezi 1, yaani mawimbi 1,000 kwa sekunde. Chagua resista ambayo V2 inakuwa kati ya sehemu ya kumi na nusu ya V1. Hesabu:

ukinzani wa utando = resista × (V1 − V2) ÷ V2

Mfano wa hesabu tu: resista ni kiloomu 10, V1 ni volti 1.00 kutoka kilele hadi bonde, V2 ni 0.25. Ukinzani ni 10 × 0.75 ÷ 0.25, sawa na kiloomu 30. Unene ukiwa mikromita 80, yaani sentimita 0.008, na eneo sentimita 1 ya mraba, upitishaji, yaani wepesi wa utando wenyewe kupitisha umeme, ni unene ÷ (ukinzani × eneo) = 0.008 ÷ 30,000, takriban 2.7 × 10⁻⁷ simensi kwa sentimita. Angalia vipimo: unene uwe kwa sentimita. Nusu ya majibu yaliyokosewa kwa mara kumi au mara elfu yanatokea hapa.

Kisha rudia kwa hezi 100, kilohezi 10 na kilohezi 100. Unatafuta eneo ambalo ukinzani haubadiliki sana ukibadilisha masafa, na ambapo mawimbi mawili kwenye kioo yanapanda na kushuka pamoja. Hapo ndipo penye jibu lako. Fomula ile ya juu ni halali mawimbi yakiwa pamoja tu; yakipishana, volti haziwezi kutolewa moja kwa moja hivyo.

Kwa mita ya LCR, chagua usomaji wa sambamba, andika ukinzani na masafa, na ufanye mzunguko uleule wa masafa.

11. Punguza volti nusu, upime tena.

Ukinzani ubaki uleule. Ukibadilika, diski haijagusa vizuri au volti imezidi.

12. Rudia kwa vipande vitatu vya kila mchanganyiko, na uandike kila kitu: unene, unyevu, joto, masafa, uzito wa juu, tarehe ya kumimina. Grafu ya upitishaji dhidi ya chumvi huja yenyewe baada ya hapo.

Ukitaka kwenda mbali kidogo, ipashe chupa nzima kwa maji ya uvuguvugu hadi nyuzi 35 kisha 45, ikiwa imefungwa. Upitishaji utapanda, kwa kuwa vipande vya molekuli vinacheza zaidi. Usiupashe utando ukiwa wazi. Utaukausha na upitishaji utashuka, ukadhani umegundua jambo.

Na wapo wanaotaka molekuli ya pili yenye matawi ya kulinganisha. Gundi ya mgunga, inayochumwa Baringo, Samburu na Turkana, inafaa sana. Ina matawi mengi, na ina kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zake za asili, kwa hiyo hupitisha umeme hata kabla hujatia chumvi. Haihitaji kupikwa: iloweke usiku kucha, ichuje, tia gliserini, mimina. Kwenye asilimia 75 hunata. Ipime kwenye asilimia 43.

Mambo yakikataa

V2 haionekani kabisa. Utando ni mkavu au ukinzani ni mkubwa mno kwa resista uliyoweka. Nenda kwenye resista ya megaomu 1. Ikiwa ni utando usio na chumvi kwenye asilimia 33, hali hiyo ni ya kutarajiwa.

Ukinzani ni karibu sifuri. Diski zimegusana kupitia tundu au ukingoni. Kata kipande kikubwa zaidi.

Ukinzani unapungua mara kumi kila ukiongeza masafa mara kumi. Hupimi ukinzani, unapima kapasita, yaani kihifadhi chaji. Diski mbili na utando katikati ni kapasita halisi, ya takriban pikofaradi mia moja kwa vipimo vyetu, na kwenye kilohezi 1 hujionyesha kama megaomu 1 na nusu hivi. Utando ukiwa na ukinzani unaokaribia huo au kuuzidi, umeme hupita kwa njia ya kapasita. Shuka hadi hezi 100 au chini, au ongeza unyevu.

Ukinzani unapanda kwenye masafa ya chini tu, hezi 10 kushuka. Ni ioni kurundikana, lile jambo la mita ya manjano. Usiripoti namba hizo kama za utando.

Diski zimebadilika rangi. Kama ni kijani, mtu amekuuzia shaba iliyopakwa rangi ya fedha, au umetumia waya wa shaba ukigusa utando. Ioni za shaba zimeshaingia ndani. Tupa kipande hicho.

Vipande viwili vya sahani moja vinatofautiana. Tofauti ya asilimia 20 au 30 mimi huikubali kwa anayeanza. Ikiwa mara mbili, pima unene upya na ufute diski kwa spiriti. Ikiwa mara kumi, kimoja hakikukaa saa 24.

Utando wa wiki iliyopita umekuwa mgumu na mweupe kidogo. Amilosi, ile minyororo isiyo na matawi, imeanza kujipanga safu, kama ugali uliolala unavyokuwa mgumu. Pima tando zote zikiwa na umri uleule, siku ya tatu kwa mfano.

Kuna madoa ya kijivu yenye manyoya. Ni ukungu; kwenye asilimia 75 na joto la Kisumu huja baada ya siku chache. Tupa, osha chupa kwa maji moto, mimina upya. Usitie siki wala dawa ya kuzuia ukungu ndani ya mchanganyiko, kwa kuwa utakuwa umeongeza ioni ambazo hazimo kwenye daftari lako.